Kwa Nini Ramani za Zamani Bado Zinatuita

Asanteni. Walio nyuma, kuna viti hapa mbele, sogeeni tu.

Nimeombwa nieleze kwa nini dunia za kubuni zilizochapishwa miaka 30 au zaidi iliyopita, kwa ajili ya mchezo wa penseli, karatasi na dadu, bado zina wapenzi. Jibu linalotolewa haraka ni kwamba watu wanakumbuka ujana wao. Silikubali. Wapo wachezaji ambao hawakuwa wamezaliwa wakati vitabu hivyo vinatoka, nao wamenasa vilevile. Hawa wanakumbuka ujana wa nani?

Kwa wasiojua mchezo wenyewe: watu wanne watano wanakaa mezani. Mmoja ndiye mwendeshaji. Yeye ndiye mvua, ndiye mlinzi wa lango, ndiye joka. Wengine kila mmoja anabeba mhusika wake. Mnasimuliana, na penye shaka dadu inaamua. Basi, hayo yanatosha.

Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons mwaka 1974, sandukuni mlikuwa na kanuni tu; dunia kamili ya kuchezea haikuwemo. Lakini wao wenyewe walikuwa nazo. Arneson alikuwa akichezesha dunia yake ya Blackmoor kabla mchezo haujachapishwa. Gygax alikuwa na ngome ya Greyhawk na mashimo yake ya chini kwa chini. Wachezaji wakitoka shimoni na dhahabu walitaka mahali pa kuitumia, ukazaliwa mji. Wakitaka kujua ng'ambo ya mji kuna nini, zikazaliwa nchi. Dunia ile ilikua kama njia ya miguu inavyotokea: watu wamepita, majani yamelala.

Na nyayo zao bado zinaonekana. Mchawi Drawmij, ambaye jina lake limo katika vitabu vya kanuni, msome kuanzia nyuma: Jim Ward, mmoja wa wachezaji wa mwanzo. Tenser, mchawi mwingine, ni herufi za Ernest zilizochanganywa, jina la mtoto wa Gygax. Ukitamka uganga wenye jina hilo unamtaja kijana aliyekuwa akicheza na baba yake. Mimi hilo hunigusa kuliko majoka yote.

Mwaka 1980 Greyhawk ilitoka kama kijitabu cha kurasa 32 na ramani mbili kubwa zilizochorwa na msanii Darlene. Kurasa 32 kwa falme chungu nzima! Ina maana kila nchi ilipata aya moja, mbili. Tunaambiwa kwamba madola mawili, la Suel na la Baklun, yaliangamizana kwa uchawi. Mvua ya moto usio na rangi ikaishukia Suel, na leo pale ni Bahari ya Vumbi. Ni nani aliyeanza kusoma maneno ya uchawi ule? Je, chini ya vumbi kuna kitu kilichosalia? Kitabu kimenyamaza. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu naamini utamu wote umo katika ukimya huo. Riwaya ikikuachia shimo, utalalamika. Dunia ya kuchezea ikikuachia shimo, imekupa kazi ya Jumamosi.

Ed Greenwood, Mkanada aliyeanza kubuni dunia ya Forgotten Realms utotoni, alilijua hili. Sanduku la kwanza la mwaka 1987 limejaa vijiji, nyumba za wageni na uvumi wa kila namna, ila nchi ya Sembia iliachwa makusudi kwa ajili ya mwendeshaji. Kama vile fundi akujengee nyumba, chumba kimoja akuachie ukijenge wewe. Baadaye wachapishaji walikijaza chumba hicho, na vingine vingi. Kisha, kanuni zilipobadilika mwaka 1989 na kazi ya uuaji wa siri ikaondolewa kwenye orodha ya wahusika, dunia nayo ilibidi ifuate: hadithi ikaandikwa ambamo wauaji wote wa namna hiyo wanakufa kwa mkupuo. (Naona mnacheka. Aliyekuwa na mhusika muuaji hakucheka.)

N. Robin Crossby alikataa njia hiyo. Dunia yake ya Hârn, ya mwaka 1983, imesimama katika mwaka 720 wa kalenda yake, na maandishi rasmi hayasogei mbele hata siku moja. Yanayofuata ni ya meza yenu.

Dragonlance, iliyoanza 1984, nitaipita haraka. Masimulizi yake nayapenda, ila kuicheza ni kama kuvutwa kwa kamba: mashujaa wameshapewa majina, na kanuni yenyewe inasaidia wasife mapema.

Dark Sun ya mwaka 1991 ni habari nyingine. Hapa hakuna nchi mia. Kuna mabadiliko machache yanayogeuza kila kitu. Chuma ni adimu, basi silaha ni mifupa na mawe, na sarafu ni za udongo. Uchawi hunyonya uhai wa mimea, basi mchawi mwenye pupa huacha majivu alipopita, na wanakijiji wakimtambua wana haki ya kumchukia. Hebu fikiria mnapoishiwa maji jangwani, na mchawi wenu anaweza kuwaokoa kwa kukausha bustani pekee ya watu waliowakaribisha. Nimeendesha tukio hilo mara mbili, makundi mawili tofauti. La kwanza walibishana mpaka usiku wa manane. La pili mchawi hakuuliza mtu.

Nimeulizwa hapa tuanzie wapi. Chukua kijitabu chembamba kuliko vyote utakavyokipata, na usisome kwanza historia ya miaka elfu. Chagua mji mmoja uliopewa mistari mitatu.

Ramani za Darlene nimezileta, ziko meza ile ya pembeni. Njooni mzitazame, ila vikombe viacheni hapa.