Weusi wa mgongoni si alama ya kipigo

Ndugu zangu waoshaji, wahudumu wa mochwari, viongozi wa mitaa na askari, naanza na mgongo wa maiti, maana hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Mtu kafia kitandani usiku, kalala chali. Asubuhi waoshaji wanamgeuza, wanakuta mgongo wote rangi ya zambarau. Mmoja anaguna. Sanda haijakatwa, habari imeshafika uani kwamba marehemu kapigwa, na mjane anaanza kutazamwa kwa jicho jingine. Nimelisema hili kila nilipopewa nafasi na leo nalirudia: ile ni damu iliyotuama. Moyo ukisimama, damu haina wa kuisukuma, inashuka kwa uzito wake hadi sehemu ya chini ya mwili. Madoa huanza kuonekana kati ya nusu saa na saa 2 baada ya kifo, yanaungana, na baada ya saa 8 hadi 12 hivi yanakuwa yamejikita.

Tazameni vizuri kabla hamjaguna. Mabegani, matakoni, kwenye mashavu ya miguu na visigino, pale mwili ulipokandamiza godoro, ngozi imebaki imepauka. Mishipa midogo ilibanwa, damu haikupata pa kuingilia. Mkanda wa suruali, utepe wa sidiria, hata mkunjo wa shuka huacha mstari uliopauka. Mstari huo ukiwa shingoni, wa kola iliyobana, watu wanaapa kwamba ni kamba. Kipigo gani hicho kinachokwepa sehemu zote zilizogusa godoro?

Kisha bonyeza doa kwa kidole gumba, sekunde chache, achia. Katika saa za mwanzo litapauka, halafu rangi irudi. Damu iliyovilia kwa kipigo haipauki, kwa sababu imeshatoka kwenye mishipa na kuingia nyamani. Lakini doa likishajikita nalo halipauki vizuri, kwa hiyo kidole peke yake kisikupe uhakika. Hapo ni kazi ya daktari: akichanja, damu iliyotuama hutoka mishipani na kusafishika kwa maji, iliyovilia imeng'ang'ania nyama, haioshiki.

Mtaniambia, ngozi zetu ni nyeusi, zambarau tutaionea wapi? Fungueni dirisha mwanga uingie, kisha angalieni kucha, midomo, ufizi, ndani ya kope na nyayo. Mkibaki na shaka, toeni taarifa siku hiyo hiyo. Mwili ukianza kuoza, chembe za damu hupasuka na rangi hupenya nyamani kila mahali, na mtaalamu mwenyewe hashiki tena tofauti kwa uhakika. Inaniuma mno watu wanapokaa kimya hadi matanga yaishe, ndipo waombe kaburi lifukuliwe.

Mwingine atasema maneno haya yanawafichia wauaji. Hapana, damu iliyotuama huwaumbua! Ukikuta maiti yuko chali lakini madoa yamejikita kifuani na tumboni, jua alikaa kifudifudi kwa saa nyingi, halafu akageuzwa. Na nani? Saa ngapi? Askari, hilo liandikwe kabla mwili haujainuliwa.

Kukakamaa nitakupitia haraka. Huanza kuonekana kwenye taya na shingo ndani ya saa 2 hadi 4, hufika mwili mzima karibu saa 12, kisha hulegea. Kwenye joto la pwani mambo hayo yote huwahi. Ndiyo maana bibi zetu hufumba macho, hufunga taya kwa kitambaa na kunyoosha viungo mara tu roho inapotoka. Mkichelewa msivunje mkono wa marehemu. Kandeni kiungo taratibu kwa maji ya uvuguvugu. Na ile hesabu ya mwili kupoa nyuzi 1 kwa saa ni ya nchi za baridi. Dar es Salaam, chumba kikiwa na nyuzi 32, itawadanganya.

Kuoza huanza kwa ukijani chini ya kitovu upande wa kulia, ambako mwanzo wa utumbo mpana uko karibu na ngozi. Gesi ya bakteria huvimbisha uso, hutokeza macho na ulimi, na kusukuma majimaji ya rangi ya damu puani na mdomoni. Msiite kunyongwa, msiite sumu, kwa kuona hayo tu. Sisimizi nao wakitafuna ngozi ya maiti huacha michubuko ya kahawia isiyo na damu, watu wakadhani ni tindikali.

Mwili uliotolewa majini niliuandalia sehemu yake, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Nauacha.

Hili siliachi. Madoa yakiwa ya waridi au mekundu mabichi badala ya zambarau, fikirieni gesi yenye sumu ya jiko la mkaa. Baridi ya friji ya mochwari nayo huleta wekundu kama huo, kwa hiyo angalieni kabla maiti hajaingizwa. Mkiuona nyumbani, na jiko liko chumbani, msianze na maiti: fungueni milango na madirisha, toeni jiko nje, na kila aliyelala chumba kile, hata anayelalamikia kichwa tu, apelekwe hospitali akapewe oksijeni.