Kioo cha Gari Hakipandi Chenyewe Baada ya Kubadilisha Betri? Kiseti Hivi

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo niko ndani ya Toyota Premio ya mteja. Asubuhi imewekwa betri mpya, na tangu hapo kioo cha dereva hakipandi chenyewe, mpaka ushikilie swichi muda wote. Ngoja nisogeze kamera… hapo. Mnaiona taa kwenye swichi, penye neno AUTO? Inawaka, inazima, inawaka, inazima. Mota ni nzima kabisa. Umeme ulipokatika, kioo kilipoteza kumbukumbu ya mahali pa kuishia. Kuna watu wameuziwa mota kwa tatizo hili, na jambo hilo linaniuma sana.

Funga mlango, washa gari, injini iungurume ili umeme usiwe hafifu. Shusha kioo hadi nusu. Hapo hakuna kazi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Vuta swichi juu, mpaka mwisho kabisa, upite ule mguso wa kwanza. Kioo kinapanda… kimefika… USIACHIE! Kidole kibaki palepale. Kitabu cha gari kinaweza kukwambia sekunde moja tu. Mimi nahesabu moja, mbili, tatu, nne, tano. Sasa achia. Taa imetulia, haipepesi tena.

Narudia, maana hapa ndipo nilipolia mwaka wangu wa kwanza wa ufundi. Nilikuwa naachia kioo kikigusa tu juu. Nikarudia mara tatu, taa bado inapepesa, nikafungua mlango wa mteja mpaka mota ikatoka nje, jua likazama. Kumbe ilikuwa sekunde moja tu ya subira. Kioo kikifika juu, usiachie.

Na wakati unaseti, watoto wasiwe dirishani. Ule ulinzi wa kioo kurudi kikikuta mkono unakuwa haufanyi kazi bado.

Haya, tujaribu. Nashusha… nabonyeza mara moja, naachia. Safi. Sasa kupanda… eeh, subirini. Mmeona? Kimekaribia juu kikarudi chini. Msikate video, hili nalo ni somo. Ulinzi umeamka, lakini raba ya mfereji ambamo kioo kinapita ni kavu na imejaa vumbi, kwa hiyo kioo kinapanda kwa shida, na gari linadhani limebana kitu. Tazameni kitambaa changu baada ya kupitisha kwenye mfereji wa raba: chekundu kama udongo wa Kibaha.

Futa kwa kitambaa kibichi, acha pakauke, kisha puliza silikoni, ile ya kopo ya kulainisha raba, pande zote mbili, kidogo tu. Nawaomba, msipake grisi wala oili ya injini. Oili inaivimbisha raba, na grisi inakusanya vumbi upya. Silikoni hii ninayo dukani, mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, ila hata ukinunua kwingine, hakikisha ni silikoni.

Pandisha, shusha, mara nne tano. Sikilizeni mlio wa mota: mwanzo ilikuwa inaguna, sasa inateleza. Napandisha kwa AUTO… juu, kimetulia. Raha yangu kubwa ni mlio huo.

Kupima ulinzi, kunja gazeti nene uliweke katikati ya dirisha. Kioo kikiligusa kinapaswa kurudi. Usipime kwa mkono, na usiuamini sana ulinzi huo: kioo kikibakiza kidogo tu kufunga, kinaweza kisirudi. Ukiwa na watoto nyuma, bonyeza kile kitufe cha kufungia vioo mlangoni kwa dereva.

Premio hii ina AUTO kwa dereva pekee. Kama lako lina AUTO kwenye kila mlango, kaa kwenye kila mlango, tumia swichi ya mlango huohuo, na uhesabu mpaka tano kila mara. Mteja amefika, ngoja nimpe funguo zake.