Mfamasia Alipohamia kwa Kinyozi

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie utafiti wa kuondoa tofauti za afya kati ya weusi na weupe kule Marekani. Uwanja wenyewe ni mpana, na sehemu yake kubwa ni kuhesabu. Mwaka 1985 ripoti ya waziri wa afya, Margaret Heckler, ilikadiria vifo 60,000 vya ziada kila mwaka katika makundi ya walio wachache. Tangu hapo wamehesabu, wakahesabu tena. Sawa, lakini takwimu hazishushi presha ya mtu.

Basi leo nawapeleka kwa kinyozi.

Wanaume weusi wa Marekani wanakufa sana kwa presha, na kliniki hawaonekani mara nyingi. Kuna suala la bima, kuna muda, kuna pesa. Halafu kuna utafiti wa Tuskegee: tangu 1932 hadi 1972 serikali iliwachunguza wanaume weusi wenye kaswende na kuwanyima tiba, hata penisilini ilipokwisha kuwa dawa ya kawaida. Mwenye kumbukumbu kama hiyo hakimbilii kwa daktari. Kwa kinyozi wake, hakosi.

Daktari Ronald Victor aliamua kuwafuata hukohuko kwa kinyozi, akianzia Dallas. Vinyozi walifundishwa kupima presha na kuwahimiza wateja waende hospitali. Matokeo, yaliyotoka 2011, yalikuwa ya wastani tu. Alipokuwa hospitali ya Cedars-Sinai, Los Angeles, akaongeza mtu mmoja: mfamasia. Safari hii maduka 52 ya vinyozi, wanaume weusi 319, wote wateja wa kudumu, na ile namba ya juu ya presha zao ni 140 au zaidi. Katika baadhi ya maduka mfamasia alikutana nao palepale. Anapima presha, anatoboa kidole achunguze damu, anaandika dawa au anaongeza dozi kwa makubaliano na daktari wa mteja, kisha anampelekea daktari huyo taarifa. Katika maduka mengine kinyozi alishauri tu.

Baada ya miezi sita, waliofika chini ya 130/80 kwa mfamasia walikuwa asilimia 63.6. Upande wa ushauri, asilimia 11.7. Utafiti ulichapishwa 2018.

Naona vichwa vinatikisika: "siri ni kuaminiana". Mimi sikubali, au tuseme nakubali nusu. Kinyozi anayeaminika alikuwepo pande zote mbili! Na dawa zilikuwa za kawaida, kama amlodipini, za bei nafuu. Kilichotofautiana ni kwamba upande mmoja palikuwa na mtu mwenye ruhusa ya kubadilisha dawa siku hiyohiyo, mteja akiwa bado dukani. Kuaminiana kulimfanya mteja akubali kupimwa. Presha ilishushwa na ile ruhusa. Kwa hiyo mkiniletea mradi wa "kuelimisha jamii" peke yake, nitauliza: dozi inapandishwa na nani?

Linabaki la gharama. Mfamasia anayezunguka duka hadi duka kwenye foleni za Los Angeles analipwa na nani, utafiti ukiisha? Wafamasia mliomo humu, kipaza sauti hicho hapo.