Mafuta Yale Yale: Sabuni au Dizeli

Ndugu zangu, habari za mchana. Leo tutaangalia molekuli moja tu, ile ya mafuta ya mimea, yawe ya nazi, mawese, alizeti au mbono. Umbo lake ni la uma wenye meno matatu: mpini ni gliserini, meno ni asidi za mafuta. Kostiki soda huyatenga meno na mpini. Ukiwa umeiyeyusha kwenye maji, unapata sabuni. Ukiwa umeiyeyusha kwenye methanoli, aina ya spiriti yenye sumu, unapata dizeli.

Kilo 1 ya mafuta ya nazi huhitaji gramu 183 hivi za kostiki ili yote yageuke. Mawese hutaka kama 141 tu, kwani meno yake ni marefu na kilo moja ina molekuli chache. Kwa hiyo ukiazima kipimo cha nazi ukatumia mawese, sabuni itachoma ngozi. Sabuni ya kuogea ya nazi tupu hukausha mwili, basi tia gramu 155 ili mafuta kidogo yabaki. Maji ni gramu 400.

Vaa miwani na glavu. Kostiki ndiyo hutiwa kwenye maji, kidogo kidogo. Ukifanya kinyume, joto hupanda ghafla na mchanganyiko hukurukia usoni. Sufuria ya alumini haifai kabisa, maana kostiki huila na kutoa haidrojeni. Mimina kwenye mafuta ya vuguvugu, koroga mpaka mwiko uache alama juu, kisha jaza kibati. Kata kesho yake, anika kivulini wiki 4 hadi 6.

Pwani, kinachoharibu kazi mara nyingi ni mfuko wa kostiki ulioachwa wazi. Hunyonya unyevu na kabonidioksidi, sehemu yake ikageuka magadi. Mizani itasoma 155 vilevile, lakini nguvu haipo, na sabuni hubaki laini, inateleza mafuta.

Sasa dizeli. Mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, injini ya mvumbuzi Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Kuwaka yanawaka, tatizo ni mnato wake, yaani ugumu wa kutiririka, mara kumi hivi ya dizeli. Nozeli hutema matone makubwa yasiyoungua vizuri, masizi yakaganda ndani.

Kwa lita 1 ya mafuta mapya, yeyusha gramu 3.5 za kostiki kwenye mililita 200 za methanoli. Changanya kwa nyuzi 55, usipite, kwani methanoli huchemka kwenye 65. Koroga saa nzima, acha usiku kucha. Gliserini nyeusi itazama chini. Mafuta ya chipsi yaliyokwisha tumika yana maji na asidi huru. Yasipokaushwa na kupimwa asidi kwanza, utaishia na rojo la sabuni lisilojitenga.

Kujua kama yamegeuka yote, tia mililita 3 za dizeli yako kwenye 27 za methanoli. Mafuta yakituama chini, kazi haijaisha.

Sabuni nawahimiza mtengeneze. Dizeli ya nyumbani, kwa maoni yangu, hapana: methanoli hupofusha na kuua, na mwali wake mchana hauonekani kirahisi. Hata anayefaulu akatumia mawese, akienda Makete, kwenye baridi ya nyanda za juu za Tanzania, mwezi Juni atakuta asubuhi dizeli imeganda na kuziba chujio.