Mbona Mmenitoa na Kidole Tumbo?

Habari za asubuhi. Nawaona wauguzi, nawaona wanafunzi wa utabibu, na nawaona wenzetu waliokuja kwa sababu wana mama au dada wodini. Nitajitahidi kusema lugha moja kwa wote. Nikianza kuwaacha, nyoosheni mkono.

Kuna swali ambalo mgonjwa huuliza akishapata nguvu kidogo, anaposomewa yaliyofanyika: "Daktari, nilikuja kutolewa uvimbe wa ovari. Mbona mmenitoa na kidole tumbo? Kilikuwa kibovu?" Wodini utasikia anajibiwa, "Usijali mama, kile hakina kazi." Jibu hilo silipendi. Kwanza si kweli. Kidole tumbo kina tezi za kinga, na wapasuaji wa njia ya mkojo hukitumia kutengeneza njia ya kupitishia mpira kwa watoto ambao hawawezi kukojoa wenyewe. Upasuaji huo ulitangazwa na Mfaransa Paul Mitrofanoff mwaka 1980, na watoto wengi wanaishi nao hadi leo. Pili, jibu hilo linaficha sababu yenyewe, na sababu ndiyo inayoweza kuamua mama huyu apewe dawa gani akitoka hapa.

Upasuaji wa saratani ya ovari si mkato mdogo wa upande wa kulia. Tunafungua katikati ya tumbo, kutoka chini karibu na kinena kupanda kupita kitovu, maana mkono lazima ufike mpaka chini ya kiwambo cha kupumulia. Tunachukua maji yaliyomo tumboni tuyapime. Kwa kawaida tunatoa ovari zote mbili, mirija, kizazi, na omentamu, ule utando wa mafuta unaofunika utumbo kwa mbele. Kisha utumbo wote unapitishwa vidoleni, pingili kwa pingili. Ukifika chini kulia, pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye mpana, kidole tumbo unacho mkononi hata kama hukukifuata.

Sasa ufanye nini nacho? Inategemea ni saratani ya aina gani, kwa sababu "saratani ya ovari" ni jina moja la magonjwa kadhaa.

Aina iliyo nyingi kuliko zote, ile inayowafikisha akina mama kwetu tumbo limejaa maji, haina fumbo kubwa upande huu. Imeshatawanyika, na mara nyingi kidole tumbo nacho kina vipunje vya saratani hiyo. Lengo letu ni kutoacha uvimbe wowote unaoonekana kwa macho, kwa hiyo kikiwa na vipunje kinatoka pamoja na vingine. Hakuna mjadala.

Mjadala uko kwenye uvimbe wa ute.

Mama anakuja na uvimbe mkubwa upande mmoja, sentimita 20 au zaidi, ndani una vyumba vyumba vimejaa ute mzito. Altrasaundi inasema ovari. Ukifungua, kweli ni ovari. Lakini je, ugonjwa ulianzia pale? Ovari ina tabia ya kupokea mbegu za saratani kutoka kwingine na kuzikuza kupita kule zilikotoka. Mwaka 1896 daktari Mjerumani, Friedrich Krukenberg, alieleza uvimbe wa ovari akidhani ni ugonjwa mpya wa ovari yenyewe. Baadaye ikabainika kwamba nyingi ya vimbe hizo zilitoka kwenye tumbo la chakula. Jina lake limebaki vitabuni, dhana yake imeondoka.

Kidole tumbo kimetudanganya kwa muda mrefu zaidi. Kuna hali ambapo tumbo zima linajaa ute kama jeli. Kwa miongo mingi wanawake wenye hali hiyo waliandikiwa kwamba wana ugonjwa wa ovari, kwa kuwa ovari ndizo zilizoonekana zimevimba. Wataalamu wa patholojia, wale wanaosoma vinyama kwa hadubini, walipopata rangi za kutambua protini za chembe, waliona kwamba wengi wao ugonjwa ulianzia kwenye kidole tumbo, wakati mwingine kutokana na uvimbe mdogo ambao hata mpasuaji hakuuona. Vitabu vya zamani vilihesabu saratani ya ute kuwa zaidi ya asilimia 10 ya saratani za ovari. Zilipochujwa zile zilizohamia kutoka kwingine, zikabaki karibu asilimia 3.

Ndugu wa wagonjwa wataniuliza, tofauti ni nini ikiwa uvimbe umeshatoka? Tofauti ni dripu ya dawa za saratani. Saratani iliyoanzia ovari hutibiwa zaidi kwa kaboplatini na paklitakseli. Iliyoanzia kidole tumbo inafuata njia ya saratani za utumbo, ambako fluorourasili ndiyo dawa ya zamani ya msingi, na nyingine hukua taratibu kiasi kwamba upasuaji ndio tiba yenyewe. Ukikosea chanzo, mama anapoteza nywele na pesa kwa dawa isiyomlenga.

Kwa hiyo tunapeleleza kabla ya kufungua. Damu tunapima CA-125 na CEA, protini mbili ambazo saratani inaweza kuzipandisha. CA-125 ukiigawa kwa CEA ukapata zaidi ya 25, unaelekea ovari. Ikishuka chini ya hapo, pima utumbo kwanza. Uvimbe wa pande zote mbili, au mdogo wa chini ya sentimita 10, unatia shaka kwamba umetoka kwingine. Ila ugonjwa wa kidole tumbo unaweza kukuletea ovari kubwa sana, kwa hiyo ukubwa peke yake usikupe usingizi.

Miongozo ya Marekani na Ulaya zamani ilisema uvimbe ukiwa wa ute, kidole tumbo kitoke. Siku hizi inasema kitoke kikionekana si cha kawaida. Kikiwa laini na chembamba, kiache. Nakubaliana nayo, lakini na neno langu dogo. Miongozo hiyo iliandikwa kwa hospitali ambazo kinyama kinagandishwa na kusomwa mgonjwa akiwa bado mezani, na akihitaji kurudi kupasuliwa, anarudi. Huku kwetu wengi hawana kipimo hicho, na mama aliyetoka kijijini akiondoka huenda usimwone tena. Mimi uvimbe ukiwa wa ute na nikagusa kidole tumbo nikapata ugumu, au unene usioeleweka, au ute pembeni yake, sisubiri uhakika. Lakini kukitoa kwa kila mwenye uvimbe wa ovari kwa sababu tu tumeshafungua, hapana. Unafungua utumbo, na utumbo ukifunguliwa unaweza kuvuja na kuleta usaha.

Wanafunzi, kikiwa kimevimba kwa ute, msikibane kwa koleo katikati. Fungeni mshipa wake, fungeni shina, kitoke kizima. Kikipasuka ndani ya tumbo mmepanda shamba ambalo hamtalipalilia mkamaliza.

Na ninyi wauguzi, hapa ndipo ninapowategemea. Kidole tumbo kilichotolewa kisipopimwa, ni bora kingebaki tumboni. Kiwekwe kwenye kikopo chake, si kutupwa kwenye ndoo moja na kizazi. Fomalini, ile dawa ya kuhifadhi kinyama kisioze, iwe nyingi, kama mara kumi ya kinyama chenyewe. Jina la mgonjwa liandikwe kwenye kikopo, maana mifuniko hubadilishana. Kwenye fomu andikeni "uvimbe wa ovari wa ute, tafuta chanzo", ili anayekisoma akikate kuanzia ncha hadi shina badala ya kuchukua kipande kimoja. Na kama ni ndugu anayebeba kikopo kupeleka maabara, mwambieni amebeba nini.

Fomu ya ridhaa nayo. Neno kidole tumbo liwemo kabla ya kusainiwa, na mama asomewe. Hatauliza tena lile swali la mwanzo.

Maswali? Naam, mama.

Ameuliza: yeye alitolewa kidole tumbo akiwa msichana, je, saratani hii haitamfika? Inaweza kukufika mama, kutolewa kidole tumbo hakuzuii saratani ya ovari. Ukianza kujaa tumbo, kushiba upesi au kukojoa mara kwa mara bila sababu, na hali ikaendelea kwa wiki kadhaa, njoo upimwe. Na hicho kidole chako kilipimwa? Hujui. Hospitali ile bado ipo? Basi kaombe majibu, hata kama ni karatasi ya kuruhusiwa tu. Siku ukija kwetu na uvimbe wa ovari, hiyo karatasi ndiyo nitakayoanza kuiomba.