Nani Alimwona Nani? Mhadhara kwa Wainjilisti Wanaokwenda Umasaini

Bwana Yesu asifiwe.

Nawashukuru mlionialika, na nawashukuru zaidi ninyi mtakaokwenda Simanjiro, Kiteto na Longido mvua zikikatika. Nimesikia mmefundishwa mbinu za uinjilisti siku tatu mfululizo, kwa hiyo hizo sitazigusa. Mimi nina ombi moja tu: jifunzeni Kimaasai. Nawaona wengi wenu mmeshavuka miaka arobaini, wapo wenye wajukuu, na mguno niliousikia sasa hivi naufahamu, maana na mimi niliguna.

Nilifika Simanjiro nikiwa na miaka 41. Kwetu ni Muheza. Nimelelewa kwa Kibondei cha bibi na Kiswahili cha kila mahali. Walionituma waliniambia nisihangaike, siku hizi Kiswahili wanakijua. Neno hilo liligharimu miaka miwili ya utumishi wangu. Ni kweli, mnadani wanakijua. Dukani, kwa mtendaji wa kijiji, kwa bwana mifugo, kote huko utasikilizana nao. Vijana waliokwenda kulinda mageti Dar es Salaam na Arusha wanakimwaga kama watu wa Kariakoo. Lakini ingia bomani jioni, ng'ombe wanarudi, akina mama wako kwenye kukamua, wazee wameketi nje. Pale hakuna anayecheka, anayegombana, anayelia wala anayeomba kwa Kiswahili. Na mimi sikutumwa mnadani.

Mwezi wangu wa nne, mama mmoja alifiwa na mtoto. Nilikwenda na mkalimani wangu, kijana mwema, shemeji yake huyo mama. Tuliketi ndani, moshi umejaa, ndama mchanga amefungwa pembeni. Nikasema maneno ya faraja, kijana akafasiri, na yakawa yanatoka mafupi kuliko nilivyoyatoa. Kisha nikauliza jina la marehemu nimtaje kwenye sala, kama tunavyofanya kwetu. Kijana akanyamaza. Nikadhani hakunisikia, nikarudia. Akatazama moto. Mama akavuta shuka akajifunika uso, na hakulitoa tena mpaka tulipoaga.

Njia nzima nilimlaumu yule kijana moyoni. Nilikuja kujua baadaye sana, kwa kuelezwa na mzee mmoja, kwamba kwa desturi yao jina la mtoto aliyekufa halitamkwi. Nilimwendea mama aliyezika, nikamtaka, mara mbili, afanye lile ambalo hakuna mtu mwenye huruma angemtaka alifanye. Mkalimani hakuwa na la kufanya. Angefasiri, angemjeruhi shemeji yake. Angenikemea, angemvunjia heshima mchungaji. Na hata kama mama yule alikuwa na neno la kuniambia, angelisemaje mbele ya mdogo wa mumewe? Ndugu zangu, mkalimani anaweza kukufasiria mahubiri. Maungamo hayafasiriki. Kilio hakifasiriki.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza.

Kuna watu mtawasikia wakisema mtu mzima hawezi tena lugha mpya. Sisi tunaosema Kiswahili ndio wa mwisho kuamini hivyo, kwa sababu lugha yetu imejifunzwa na watu wazima mbele ya macho ya babu zetu. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, aliingia Mombasa Mei 1844, ana miaka 34, ametoka kufukuzwa Ethiopia. Juni 8 alikuwa ameshaanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo. Julai akamzika mkewe Rosine, na mtoto wao wa kike aliyekuwa na siku chache tu. Naye mwenyewe alikuwa na homa. Akaendelea. Sitaki mkumbuke uhodari wake peke yake, mkumbuke pia mwalimu wake: aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhiddin. Mwislamu, mwanachuoni, aliketi na mgeni Mkristo wakapima neno kwa neno. Krapf angeingia mji ule kama mtu aliyekuja kufundisha tu, asingempata mwalimu huyo.

Edward Steere naye, mwanasheria kutoka London, alifika Unguja 1864 akiwa na miaka 36. Kinachonipendeza kwake ni kwamba aliketi kusikiliza hadithi. Aliwaomba watu wa Unguja wamsimulie ngano zao, akaziandika kama zilivyotoka vinywani mwao, zikachapwa 1870, mwaka uleule kilipotoka kitabu chake cha sarufi. Anayesikiliza ngano anajifunza jinsi watu wanavyoanza neno, wanavyolikatiza, wanavyolicheleweshea mwisho. Hayo huyapati kwenye orodha ya maneno. Kadinali Lavigerie, mwanzilishi wa wale wamisionari Wakatoliki tunaowaita White Fathers, aliwawekea mapadre wake sharti kali zaidi: baada ya miezi sita, hata wao kwa wao wasizungumze ila kwa lugha ya wenyeji. Kwenu siwezi kuliweka sharti hilo. Ila ningeweza, ningeliweka.

Na hili la umri limepimwa. Uholanzi, katika miaka ya 1970, walifuatiliwa wasemaji wa Kiingereza wa umri mbalimbali waliokuwa wakijifunza Kiholanzi. Miezi ya mwanzo, waliokwenda kasi walikuwa vijana wa miaka 12 hadi 15 na watu wazima. Watoto wa miaka mitatu hadi mitano ndio waliokuwa nyuma. Mtoto anakuja kumshinda mtu mzima baadaye, hasa kwenye matamshi. Basi lafudhi ya kwenu itabaki, na ibaki. Petro alitambulika kwa usemi wake usiku ule uani kwa Kuhani Mkuu, walijua mara moja ni Mgalilaya. Hazikupita siku nyingi akasimama Yerusalemu ileile, kwa usemi uleule, na watu wakachomwa mioyo.

Sasa nije kwenye lugha yenyewe. Kimaasai si ndugu wa Kiswahili. Mkisikia Kigogo au Kizigua mnaokota maneno njiani; huku hamtaokota. Irabu ziko tisa, sisi tumezoea tano. Zipo konsonanti ambazo pumzi yake inavutwa ndani badala ya kutolewa. Kitenzi kinatangulia, mtenda anafuata. Na sauti inapanda na kushuka, na kupanda na kushuka huko ndiko kunakosema nani katenda na nani katendewa. Kwetu tunaweka kiambishi, kazi imekwisha. Wao wanaliinua jina au wanalishusha.

Nilijua sheria hiyo daftarini. Mwaka wa tatu nikahubiri juu ya mjane wa Naini, bila mkalimani kwa mara ya kwanza. Mnakumbuka Luka 7: mwanawe wa pekee amekufa, jeneza linatoka mlangoni mwa mji, Bwana anamwona yule mama, anamwonea huruma. Nikasema kwa Kimaasai, "Alimwona mwanamke." Nadhani nilisema hivyo. Mama mmoja mzee aliyekuwa amekaa mbele kabisa akaniinulia mkono. Akaniuliza, "Nani alimwona nani?" Nikarudia. Akatikisa kichwa. Kumbe kila nikirudia nasema, "Mwanamke alimwona." Akanitamkia yeye, polepole, sauti ikiwa mahali pake, akanifanya niseme tena na tena mbele ya watu wote, mpaka nikaipata. Kisha akaketi, akasema, "Sasa endelea."

Nimefikiri sana juu ya asubuhi ile. Yule mama hakuwa ananikosoa matamshi. Alitaka kujua habari yenyewe. Ikiwa mjane ndiye aliyemwona Yesu akamkimbilia, hiyo ni habari moja. Ikiwa Yesu ndiye aliyemwona kabla hajaomba chochote, hiyo ni habari nyingine kabisa, na injili yote imelala hapo. Nimesoma Luka 7 tangu nikiwa Shule ya Jumapili. Sikuwahi kusimama kwenye kitenzi hicho mpaka aliponisimamisha yeye.

Kwa hiyo nawaambia: msidhani mnabeba ujumbe uliokwisha kupikwa, kilichobaki ni kuupakua kwenye sahani nyingine. Ukijifunza lugha ya watu, ujumbe wako utarudi kwako ukiwa na mambo ambayo hukuwahi kuyaona.

Chukueni neno agano. Agano Jipya kwa Kimaasai ni Osotua Ng'ejuk. Mimi kwa muda mrefu nilitamka osotua nikiwa na maana ya agano la kwetu, yaani mapatano, watu wawili wamekubaliana masharti. Siku moja nilikuta mama anazungumza na mkunga juu ya mtoto aliyezaliwa usiku, na neno nikalisikia tena. Osotua ni kitovu. Ile kamba inayomuunganisha mtoto na mama yake tumboni, hiyo ndiyo osotua. Na watu wawili wazima wakiunganishwa kwa kupeana, labda mmoja alipungukiwa ukame ukammalizia mifugo, mwenzake akampa mbuzi au ndama, nao wana osotua. Hapo hakuna kuhesabiana. Deni lina neno lake mbali, esile, na mtu hachanganyi hayo mawili. Aliye na osotua nawe akiomba, anaomba kwa sababu ana shida, anaomba kinachotosha shida yake, nawe unatoa ukiwa nacho.

Nilikaa na neno hilo wiki nzima. Niliwahi kufundisha kipaimara miaka kumi na moja, nikieleza agano kama mkataba ubaoni, huku Mungu, huku Israeli, mishale katikati. Sijui ni watoto wangapi walitoka darasani kwangu wakidhani wana esile kwa Mungu.

Mtajifunzaje? Madarasa ni mazuri, aliye na nafasi aende. Lakini mwalimu wangu mkubwa alikuwa mtoto, layoni, yaani mvulana ambaye bado hajatahiriwa, wa kama miaka tisa, aliyechunga ndama karibu na boma. Asubuhi natoka naye. Nanyoosha kidole, nauliza, "Kainyoo?" ni nini, naye anataja. Nikikosea anarudia bila kuchoka na bila kunionea haya, jambo ambalo mtu mzima mwenzangu asingeweza kulifanya. Anzeni na salamu, na salamu msizichezee. Wanaume wanasalimiwa hivi, wanawake hivi: ukimwambia mama "Takwenya" atakujibu "Iko". Watoto watakuletea vichwa uwaguse, waguseni. Kuweni na daftari dogo la mfukoni. Rekodini wazee kwa simu, kwa ruhusa yao, na usiku msikilize sauti inavyopanda na kushuka kabla hamjasikiliza maana. Na msione aibu kusema "Mayiolo", sijui. Ninyi mmezoea kuwa watu wa kujua, mnaitwa mwalimu, mnaitwa mchungaji. Kwa miaka miwili mitatu mtakuwa watu wa kuelekezwa na layoni. Kwa Kimaasai mdomo na lugha ni neno moja, enkutuk. Aliyekufundisha lugha amekupa mdomo.

Yule mama aliyefiwa nilimwendea tena. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka minne. Sikwenda kuomba radhi, kwa sababu kuomba radhi kungerudisha lile jambo katikati yetu. Nilikwenda kumsalimu. Tulizungumza mvua, tulizungumza mbuzi wake, akanipa maziwa. Akina mama wengine wakaingia. Nilipotaka kuondoka nikaomba, kwa kifupi, kwa lugha yake: nikaiombea nyumba, na waliomo, na waliotoka humo. Sikumtaja mtu. Kwao aombaye haachwi peke yake, kila sentensi wasikilizaji wanaitikia "Naai". Nilisema waliotoka humo, na kabla wengine hawajaitikia nikaisikia sauti yake yeye, peke yake, "Naai." Kisha akarudia.

Wale mliopangiwa Kiteto tuonane baada ya chai, chini ya mwembe pale. Nimekuja na madaftari matano ya maneno niliyoyakusanya, yanatosha kwa kuanzia, na yupo dada mmoja wa Kimaasai amekubali kukaa nasi mpaka jioni awasikilizishe matamshi.