Baada ya Kikao: Kamati za Bunge na Hatima ya Hoja za Ukaguzi

Ndugu wasikilizaji,

Nimeombwa nizungumzie namna kamati za Bunge zinavyosimamia matumizi ya serikali na huduma ambazo wananchi hutarajia kuzipata kutokana na matumizi hayo. Wengi tunazifahamu kamati hizi kupitia kikao chenyewe: katibu mkuu wa wizara ameketi na wasaidizi wake, majalada yamefunguliwa mezani, wajumbe wanauliza kwa ukali, na jioni taarifa ya habari inaonyesha maofisa wakihojiwa. Leo nitajikita zaidi katika yale yanayofuata, pale kikao kinapokwisha na hoja, yaani dosari iliyoibuliwa na mkaguzi, ikarudi wizarani ikiwa bado haijafungwa. Kwa maoni yangu, kamati hupimwa hapo, na ni hapo pia ambapo kamati nyingi hushindwa bila mtu yeyote kugundua.

Bunge hukutana na fedha za umma mara mbili. Mara ya kwanza ni kabla hazijatumika, wakati wa kujadili makadirio. Kamati za kisekta huyapitia mafungu ya wizara zake, na katika baadhi ya nchi sheria huwapa wananchi nafasi ya kusikilizwa, kama ilivyo katika Ibara ya 221 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, inayoitaka kamati ya Bunge la Taifa ipokee maoni ya umma kabla ya makadirio kupitishwa. Mara ya pili ni baada ya fedha kutumika, mkaguzi anapoleta taarifa yake na kamati ya hesabu inapomwita aliyetumia. Kwa muda mrefu hatua hii ya pili ilikuwa dhaifu hata katika mabunge yenye historia ndefu. Uingereza ilikuwa na Bunge lenye sauti juu ya kodi kwa karne nyingi, lakini Kamati ya Hesabu za Serikali iliundwa mwaka 1861 tu, kwa msukumo wa William Gladstone aliyekuwa Waziri wa Fedha, na sheria ya mwaka 1866 ndiyo iliyozilazimisha idara zote kurudisha hesabu za kila mwaka zilizokaguliwa na afisa mmoja mwenye mamlaka ya kudhibiti na kukagua. Kabla ya hapo, Bunge liliidhinisha fedha bila kuwa na njia kamili ya kujua kama zilikwenda mahali lilipoidhinisha.

Mambo kadhaa yaliyojengeka kutokana na utaratibu huo yameenea katika mabunge mengi ya Jumuiya ya Madola, na kila moja lina sababu yake. Uenyekiti wa kamati hukabidhiwa mbunge wa upinzani ili serikali isijihoji yenyewe. India, ambayo kamati yake ilianza mwaka 1921, imeishika desturi hiyo tangu mwaka 1967. Kamati haihoji kama sera ni nzuri au mbaya, kwa kuwa hilo ni jambo la wapiga kura na la Bunge zima. Inahoji kama fedha zilitumika kihalali, kwa uangalifu, na kama lengo lililotajwa lilifikiwa. Na anayejibu ni afisa masuuli, kwa kawaida katibu mkuu au mkuu wa taasisi, ambaye wajibu wake juu ya fedha ni wake binafsi na hauwezi kuhamishiwa kwa mhasibu wala kwa waziri. Nchini Uingereza wajibu huu umewekewa kinga ya maana sana: afisa masuuli akiona kwamba waziri anamtaka atumie fedha isivyofaa, hudai agizo la maandishi, na nakala ya agizo hilo hupelekwa kwa mkaguzi mkuu, ambaye huifikisha kwa kamati. Naupenda utaratibu huu kwa sababu unamlinda mtumishi mwaminifu wakati shinikizo lingali linaendelea, badala ya kumngoja ajitetee miaka miwili baadaye.

Sasa tuzungumzie hati za ukaguzi, maana hapa pana mkanganyiko unaowagharimu wananchi. Taasisi inapopata hati inayoridhisha, viongozi wake huipokea kama ushahidi kwamba kazi imefanyika vizuri, na mara nyingine wajumbe wa kamati nao huridhika na kupunguza maswali. Lakini hati hiyo inasema jambo moja mahususi, kwamba hesabu zilizowasilishwa zinaonyesha hali halisi ya fedha kwa kufuata viwango vya uandaaji wa hesabu. Haisemi kwamba dawa zilimfikia mgonjwa, wala kwamba maji yanatoka bombani.

Tuseme wizara imenunua mashine ya uchunguzi kwa ajili ya hospitali. Zabuni ilitangazwa, mkataba ulipitiwa na wanasheria, mzigo ulipokelewa na kamati ya mapokezi, boharia akauingiza kwenye leja, na hati ya malipo ina viambatisho vyote. Mkaguzi wa hesabu akifika atakuta kila karatasi mahali pake, ilhali mashine imekaa kwenye kreti kwa sababu chumba chake hakina umeme wa kutosha na mtaalamu wa kuiendesha hajaajiriwa. Hakuna aliyeiba, na hesabu ni safi kabisa. Mgonjwa aliyehitaji kipimo kile amerudi nyumbani bila kupimwa, na fedha ya umma imelala.

Ili kuliona tatizo la namna hii, kamati inahitaji ukaguzi wa ufanisi, ule unaouliza kuhusu uwekevu, tija na ufanisi wa matumizi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1983 ilimpa mkaguzi mkuu mamlaka ya wazi ya kuuliza maswali hayo, huku ikimzuia kuhoji ubora wa malengo ya sera yenyewe. Katiba ya Kenya, katika Ibara ya 229, inataka taarifa ya ukaguzi ithibitishe iwapo fedha zilitumika kwa mujibu wa sheria na kwa njia yenye ufanisi. Hata hivyo, mamlaka ya kuuliza hayatoshi ikiwa kikao kimepangwa kwa namna inayomruhusu kila mhusika kukwepa. Katika mfano wa mashine, katibu mkuu wa afya ataeleza kwamba alikwisha kuomba kibali cha ajira. Anayehusika na utumishi wa umma atasema maombi yalifika bila fungu la mishahara. Wa nishati atasema hakuwahi kupokea barua ya kuongezewa umeme. Kila mmoja akiitwa siku yake, kila mmoja atatoka akiwa amejibu vizuri. Waiteni wote mezani siku moja, muwaombe waeleze kwa tarehe nani alijua nini na lini, na majibu yatabadilika. Sijui kwa nini kamati zetu hazilitumii jambo hili rahisi mara nyingi zaidi, kwa kuwa huduma nyingi zinazokwama hukwama katikati ya wizara mbili.

Kuna pia suala la muda. Katiba ya Kenya inampa Mkaguzi Mkuu miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kumalizika ili akague na kutoa taarifa, kisha inalipa Bunge miezi 3 kuijadili na kuchukua hatua. Tanzania, ambako mwaka wa fedha huanza Julai na kuishia Juni, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu humkabidhi Rais taarifa zake mwishoni mwa Machi, ndipo ziwasilishwe bungeni. Kwa hiyo malipo yaliyofanyika mwanzoni mwa mwaka wa fedha huwa yamepita miezi 20 hivi siku taarifa inapokabidhiwa, kabla kamati haijamwita mtu yeyote. Katika miezi hiyo, mhasibu amehamishwa, afisa ununuzi amestaafu, mkandarasi amefunga ofisi, na anayekuja kujibu anaanza kwa kusema kwamba wakati jambo hilo linatokea yeye hakuwepo. Mara nyingi anasema kweli. Ndiyo maana ucheleweshaji wa kusikiliza hoja si jambo dogo la kiutawala: kila mwezi unaopita unapunguza idadi ya watu wanaoweza kuwajibishwa na kiasi cha fedha kinachoweza kurejeshwa.

Sitaki kuonekana kama ninadharau nguvu ya kikao cha hadhara. Mwaka 2014 Kamati ya Hesabu za Serikali ya Bunge la Tanzania iliwasilisha taarifa yake kuhusu akaunti ya Tegeta Escrow, iliyohifadhi fedha zenye mgogoro kati ya shirika la umeme na kampuni ya kufua umeme, Bunge likapitisha maazimio, Mwanasheria Mkuu wa Serikali akajiuzulu mwezi Desemba, waziri mmoja akaondolewa mwezi huohuo, na mwingine akajiuzulu Januari 2015. Wale wanaosema kamati hazina meno wanapaswa kulikumbuka hilo. Lakini sakata kubwa hujitafutia wasikilizaji lenyewe. Hoja za kawaida, zile za dawa zilizoisha muda wake ghalani, za makato ya wafanyakazi ambayo hayakupelekwa kwenye mfuko wa hifadhi, za barabara iliyolipiwa kilomita ambazo hazikujengwa, hazina msisimko wowote, na kwa pamoja ndizo zinazogusa maisha ya watu wengi zaidi. Zinahitaji kamati iliyo tayari kuuliza jambo lilelile mara ya tatu na ya nne, hata kama waandishi wa habari wamekwisha kuondoka.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha ninayotaka kusema. Azimio la kimataifa la taasisi za ukaguzi lililopitishwa nchini Meksiko mwaka 2007 lilitaja misingi 8 ya uhuru wa mkaguzi, na mmojawapo ni kuwepo kwa utaratibu madhubuti wa kufuatilia mapendekezo yake. Kwamba ufuatiliaji umewekwa katika orodha moja na uhuru wa kuchunguza na wa kutoa taarifa kunaonyesha uzito wake: mkaguzi ambaye mapendekezo yake hayafuatiliwi ana uhuru wa kusema tu. Nchini Uingereza serikali hutakiwa kuijibu kila taarifa ya kamati, kwa kawaida ndani ya miezi 2, ikieleza kwa maandishi pendekezo lipi imelikubali, lipi imelikataa na kwa sababu gani, na hazina huchapisha mara kwa mara hali ya utekelezaji wa yale yaliyokubaliwa. Kukataa kwa maandishi ni heshima kwa Bunge. Kinacholidhoofisha Bunge ni kukubali kwa mdomo na kuacha.

Kwa wale mnaofuatilia taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Tanzania, mtakuwa mmeona kwamba mapendekezo ya miaka iliyopita hupangwa kwa hali yake: yaliyotekelezwa, ambayo utekelezaji wake unaendelea, ambayo hayajatekelezwa, na yaliyopitwa na wakati. Ningeiomba kamati itumie muda wake mwingi kwenye kundi la pili. Pendekezo lisilotekelezwa linajulikana, na aliyeshindwa anajulikana. Lakini pendekezo ambalo utekelezaji wake unaendelea linaweza kuendelea kwa miaka bila kumkera mtu yeyote, kwa sababu kila mwaka kuna barua mpya, kikao kipya cha menejimenti, au rasimu mpya ya mwongozo ya kuambatisha kama ushahidi. Kundi la nne nalo linastahili kutiliwa shaka. Pendekezo likipitwa na wakati kwa sababu mradi umefungwa kabla halijatekelezwa, serikali haijalijibu, na kamati inapaswa kutaka maelezo ya nani aliliacha mpaka likachakaa.

Kwa vitendo, jambo hili linahitaji nidhamu zaidi kuliko sheria mpya. Kila agizo la kamati liandikwe likiwa na jina la wadhifa wa anayepaswa kulitekeleza, tarehe ya mwisho, na aina ya ushahidi utakaokubaliwa. Agizo linalosema wizara iongeze usimamizi wa stoo haliwezi kufuatiliwa na mtu yeyote. Linalosema kwamba hadi tarehe fulani katibu mkuu awasilishe taarifa ya hesabu halisi ya mali iliyofanyika katika maghala yote, iliyothibitishwa na mkaguzi wa ndani, linaweza kufuatiliwa hata na mjumbe aliyejiunga na kamati jana. Kikao cha mwaka kianze na orodha ya maagizo ya mwaka uliopita, kabla taarifa mpya haijafunguliwa, na afisa masuuli ajue kwamba hataulizwa jambo jipya mpaka la zamani limefungwa au limeelezwa. Mkaguzi, ambaye kwa kawaida huketi na kamati, ndiye athibitishe kwamba ushahidi ulioletwa unafunga hoja. Jambo hilo lisiachwe kwa hisia za wajumbe au ufasaha wa anayejibu.

Kuna sehemu moja ya utaratibu huu ambayo haizungumzwi kabisa, nayo ni makabidhiano. Kamati hazidumu. Bunge huvunjwa, wajumbe wengi hawarudi, na nchini Tanzania kamati huundwa upya hata katikati ya uhai wa Bunge. Mjumbe aliyeelewa kwa undani mkataba fulani kwa miaka miwili anaweza kujikuta katika kamati ya michezo, na anayechukua nafasi yake anaanza upya. Wizara zinalijua hili vizuri kuliko sisi, na zipo hoja zinazosogezwa mbele kwa makusudi mpaka kamati inayoziuliza iondoke. Daftari la maagizo, kwa hiyo, linapaswa kuwa mali ya sekretarieti ya Bunge na kuwa wazi kwa umma, likionyesha kila hoja, tarehe ya agizo, jibu lililotolewa na hali iliyoachwa. Kamati inayomaliza muda wake iandike taarifa ya makabidhiano inayotaja hoja zilizo wazi moja baada ya nyingine, na kamati mpya iijadili taarifa hiyo katika kikao chake cha kwanza cha kazi, maofisa masuuli wahusika wakiwa wamekwisha kupewa notisi ya kuitwa.